Uliza Neno: Pound Moja, Maneno Matatu

Barua kadhaa za safari hii zimeangukia neno moja la Kiingereza, pound. Tumezijibu pamoja, maana jibu la moja hulibeba jibu la nyingine.

SWALI: Ndugu wahariri, kamusi yangu ya Kiingereza imeliandika neno pound mara tatu, kila mara na kitarakimu kidogo juu yake. Ni kosa la uchapaji? Kwa nini maana zote zisiwekwe mahali pamoja?

JIBU: Si kosa. Wasomaji wengi hukiruka kitarakimu hicho, kumbe ndicho kinachokuambia kwamba unaangalia maneno matatu yasiyo na undugu, yaliyotokea tu kuandikwa na kutamkwa sawa.

Kiswahili kinalo jambo hilohilo. Mguu wa mtu na mguu wa meza ni neno moja lililotanuliwa maana, hivyo mtunga kamusi huviweka chini ya kidahizo kimoja, yaani neno moja linaloanzisha maelezo. Paa la nyumba, paa wa porini na kupaa angani ni mambo mengine: kila moja linapewa kidahizo chake. Wanaisimu huiita hali ya kwanza polisemia na ya pili homonimia.

Sasa pound. La kwanza ni la uzito na fedha, na limetoka katika Kilatini pondo, yaani "kwa uzito". Watu wa lugha za Kigermanik, ukoo wa Kiingereza, Kijerumani na jamaa zao, walilipata kwa wafanyabiashara wa Kirumi zamani sana, kabla Kiingereza hakijawa lugha ya peke yake. Ndiyo maana Wajerumani wanasema Pfund, Waholanzi pond na Waswidi pund. La pili ni la zizi au uzio wa kuzuilia wanyama, kutoka pund ya Kiingereza cha Kale. La tatu ni kitenzi cha kutwanga na kupiga kwa kishindo, kutoka punian ya Kiingereza hichohicho cha Kale.

Ukitazama vizuri utaona kwamba la uzito na la zizi yalikuwa yanafanana tangu miaka elfu iliyopita, yote mawili yakiandikwa pund. Kitenzi ndicho kilichochelewa kujiunga nao. Tahadhari moja: mpangilio wa vitarakimu hutofautiana kati ya kamusi na kamusi, kwa hiyo usikariri kwamba zizi ni namba mbili au namba tatu. Kariri asili.

SWALI: Kifupi cha pound ya uzito ni lb. Mbona hamna l wala b ndani ya neno?

JIBU: Kwa sababu Kiingereza kilichukua nusu ya msemo na kifupi kikachukua nusu nyingine. Warumi walisema libra pondo, "libra moja kwa uzito". Libra ilikuwa mizani, na pia jina la kipimo chenyewe. Watu wa kaskazini wakabaki na pondo mdomoni, lakini makarani walioandika kwa Kilatini wakaendelea kufupisha libra. Hata alama £ ni herufi L ya libra hiyohiyo iliyopigwa mstari, ishara ya kuonyesha kwamba neno limefupishwa.

Libra ina ukoo mpana, na Waswahili tumo ndani yake bila kujua. Kilatini libra na Kigiriki litra ni ndugu. Kutoka libra Waitaliano wakapata lira na Wafaransa livre, na kundi la nyota tunaloliita Mizani likabaki na jina Libra katika lugha za Ulaya. Kutoka litra Wafaransa wakaunda litre, ambayo kwetu ni lita. Litra hiyohiyo ilipita katika Kiaramu ikaingia Kiarabu kama ratl, na kutoka Kiarabu tukapata ratili. Basi ratili, lita, lira na kile kifupi lb ni watoto wa nyumba moja. Pauni ndiyo mgeni.

Mambo hayo hayakuishia kwenye ratili. Warumi waligawa libra katika sehemu 12, na kila sehemu wakaiita uncia, "moja ya kumi na mbili". Kwa njia ya Kigiriki na Kiarabu uncia ikatufikia kama wakia. Kwa njia ya Kifaransa na Kiingereza ikatufikia tena kama aunsi. Waingereza walikuwa wameshaichukua mapema zaidi kwa kipimo cha urefu, sehemu ya 12 ya futi, nayo kwetu ni inchi. Neno moja limetuingilia kwa milango mitatu.

Kuhusu uandishi: lb haihitaji s ya wingi. Andika 1 lb na 20 lb. Utaiona lbs kila mahali, na hakuna atakayekosa kuielewa, lakini katika maandishi ya kitaalamu iache.

SWALI: Nabadilishaje pauni kuwa kilo bila kikokotoo? Na je, pauni zote ni sawa?

JIBU: Kipimo rasmi kwanza. Pauni ya kawaida ni kilo 0.45359237 kamili. Namba hiyo ilikubaliwa mwaka 1959 na Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, kwa sababu kabla ya hapo pauni ya Marekani na ya Uingereza zilipishana kidogo sana, kiasi cha kuwasumbua mafundi wa vipimo tu.

Kwa hesabu ya kichwani, gawa pauni kwa mbili, kisha toa sehemu ya kumi ya jibu. Pauni 150: nusu yake ni 75, toa 7.5, unabaki na kilo 67.5. Jibu halisi ni 68.04, hivyo umepungukiwa na chini ya asilimia moja. Kurudi kwenye pauni, zidisha kilo kwa mbili na uongeze sehemu ya kumi: kilo 70 zinakuwa 140, ongeza 14, pauni 154. Kwa dawa, mafuta ya ndege au chochote chenye hatari, usitumie njia hii. Tumia namba kamili. Ukikutana na uzito wa mtu wa Uingereza ulioandikwa 11 st 4, hiyo st ni stone, na stone moja ni pauni 14: zidisha 11 kwa 14, ongeza 4, upate pauni 158, karibu kilo 71.7.

Si pauni zote zilizo sawa. Pauni ya kawaida ina aunsi 16 na gramu 453.59. Pauni ya sonara, iitwayo troy, ina aunsi 12 tu na gramu 373.24. Hapo ndipo kinapozaliwa kitendawili cha kipi kizito, pauni ya dhahabu au pauni ya manyoya ya ndege. Manyoya hupimwa kwa pauni ya kawaida, dhahabu kwa ile ya sonara, kwa hiyo manyoya ndiyo mazito. Ukiuliza kuhusu aunsi moja jibu linapinduka: aunsi ya dhahabu ni gramu 31.10, ya manyoya ni 28.35. Pauni ya sonara haitumiki tena sokoni, ila aunsi yake ndiyo inayotajwa kila siku katika bei za dhahabu, na watu huihesabu kimakosa kama gramu 28.

Halafu kuna pauni ambayo si uzito wa kitu bali ni nguvu ya msukumo. Hiyo ndiyo iliyomo katika psi ya upepo wa tairi, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba. Psi 32 ni karibu kilopaskali 220, au bar 2.2; geji nyingi zina duara mbili, na kosa la kawaida ni kusoma duara isiyo yake. Katika kukaza bolti hatari ni kubwa zaidi. Maelekezo ya fundi huweza kuandikwa ft-lb, pauni-futi, au in-lb, pauni-inchi, na ya kwanza ni mara 12 ya pili. Bolti ndogo iliyotakiwa ikazwe 80 in-lb, karibu nyutonimita 9, ukiikaza 80 ft-lb umeipa nyutonimita 108. Haitafika huko, itakatika kwanza.

Anayedhani haya ni ya vitabuni aitazame safari namba 143 ya Air Canada, tarehe 23 Julai 1983. Boeing 767 ile ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi, kwa hiyo kiasi kilichomo kikapimwa kwa vijiti kwenye matangi: lita 7,682. Ili kupata kilo ilibidi kuzidisha kwa 0.803, uzito wa lita moja kwa kilo. Badala yake ikatumika 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja kwa pauni. Hesabu ikatoa 13,597, zikadhaniwa kuwa ni kilo. Zikaongezwa lita 4,900 na ushee, wakati zilizotakiwa ni kama lita 20,000. Ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta yake, injini zikazimika angani, na marubani wakaielea bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, Manitoba. Hakuna aliyekufa. Chombo cha NASA kilichofika Mars mwaka 1999 hakikuwa na bahati hiyo: programu moja ilitoa namba kwa pauni za msukumo, nyingine ikazipokea kama nyutoni, nacho kikapotea kilipofika.

SWALI: Kama pauni ni uzito, iligeukaje kuwa fedha? Na kwa nini Misri nayo ina pauni?

JIBU: Haikugeuka, fedha ilikuwa uzito. Katika Uingereza ya kale, peni ilikuwa kipande cha madini ya fedha, na peni 240 zilitoka katika pauni moja ya fedha hiyo. Peni 12 zilifanya shilingi, shilingi 20 zikafanya pauni. Mpangilio huo ulidumu hadi tarehe 15 Februari 1971, Uingereza ilipoigawa pauni katika peni 100. Kwenye vitabu vya hesabu vya kabla ya hapo peni hufupishwa kwa d, si p, kwa sababu ya denarius ya Kirumi. Ukisoma £3 4s 6d soma: pauni tatu, shilingi nne, peni sita.

Misri ina pauni kwa Kiingereza tu. Kwa Kiarabu Wamisri na Wasudani huiita fedha yao kwa jina lililotokana na guinea, sarafu ya dhahabu ya Waingereza, na Wasiria na Walebanoni huiita yao lira. Kiingereza kimezifunika zote kwa pound. Mfasiri anayetoa habari katika Kiarabu aandike pauni ya Misri, maana ndivyo wasomaji wetu walivyozoea, lakini asishangae akikuta lira ya Siria na pauni ya Siria katika magazeti mawili. Ni fedha ileile.

SWALI: Nilipiga simu ya huduma, sauti ya Kimarekani ikaniambia "press pound". Simu yangu haina £. Nibonyeze nini?

JIBU: Bonyeza alama ya reli, #. Wamarekani huiita pound kwa sababu walikuwa wakiitumia katika hesabu za biashara badala ya lb. Mahali inapokaa ndipo maana ilipo: #5 ni "namba tano", 5# ni "pauni tano". Waingereza huiita hash, na ukiwatajia pound wataelewa £.

Kibodi nazo zimezidisha mkanganyiko. Kwenye kibodi ya Uingereza Shift pamoja na 3 hutoa £. Kwenye ya Marekani vitufe hivyohivyo hutoa #. Ukiwa na ya Marekani katika Windows, washa Num Lock, shikilia Alt, andika 0163 kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, kisha achia. Namba za mstari wa juu hazifanyi kazi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kwenye Mac yenye kibodi ya Marekani ni Option na 3. Ukiona £ yako imegeuka kuwa Â£ baada ya kutuma faili, hujakosea kuandika: faili limehifadhiwa kwa UTF-8, msimbo wa herufi wa kisasa, na limefunguliwa kwa msimbo wa zamani. Lifungue upya ukichagua UTF-8. Usianze kufuta hizo Â moja moja.

SWALI: Kuponda na to pound vinafanana kwa sauti na kwa maana. Waingereza wametuiga, au sisi tumewaiga?

JIBU: Hakuna aliyemwiga mwenzake, na ushahidi umo katika herufi d. Kitenzi cha Kiingereza kilikuwa punian, bila d. Kiliishi karne nyingi hivyo, na d ikaanza kujichomeka katika karne ya 16, kwa sababu ulimi ukitoka kwenye n huielekea d kwa urahisi. Neno sound, sauti, lilipatwa na hayohayo: Kilatini ni sonus, Kifaransa ni son, na d ni ya Waingereza wenyewe. Thunder, radi, vilevile. Mjerumani bado anasema Donner. Kuponda kwetu ni la Kibantu, na nd yake ni ya asili. Kadiri unavyorudi nyuma, ndivyo maneno haya mawili yanavyoachana. Maneno yenye undugu hufanya kinyume: ukirudi nyuma hukaribiana.

Kufanana huko kuna hasara moja kwa wafasiri: huwashawishi kuandika kuponda kila waonapo pound. Ukiwa na kinu na mchi, neno ni kutwanga. Kuponda ni kuseta kitu hadi kilegee au kipondeke. Moyo hudunda. Kichwa kinachouma kwa mapigo hupwita. Mlango hugongwa kwa nguvu, askari wa doria hutembea kwa miguu mtaa kwa mtaa, na mizinga, kwa bahati nzuri, huutwanga mji katika lugha zote mbili.

SWALI: Nafasiri hati yenye impounded, compound na pond katika ukurasa mmoja. Je, zote ni za ukoo wa pound?

JIBU: Mbili ndiyo, moja hapana. Zamani vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na zizi la kufungia mifugo iliyozurura, na mwenye mifugo alilipa faini ndipo afunguliwe. Msimamizi wake aliitwa pinder, na wapo watu wenye jina hilo la ukoo hadi leo. Kutoka hapo tuna impound, kuweka kizuizini: kwa gari andika limezuiliwa, kwa ng'ombe wamefungiwa, na kama hati inataja kituo chenyewe andika yadi ya magari yaliyozuiliwa, si "pauni ya magari", kosa ambalo programu za kufasiri hulifanya. Pond ni pound hiyohiyo kwa matamshi mengine: maji yaliyozuiliwa, bwawa. Mabaharia wa mifereji bado huita pound kipande cha maji kilicho kati ya milango miwili ya kupandishia mashua.

Compound ndiyo inayodanganya, maana yenyewe pia ni mbili. Ile ya mchanganyiko, pamoja na expound na propound, ni ya Kilatini ponere, kuweka. Ile ya ua wenye nyumba kadhaa hupelekwa kwenye Kimalei kampung, kijiji, neno lililochukuliwa na Wazungu waliofanya biashara Asia. Ua wenye uzio unafanana mno na zizi, na ndiyo maana watu huliunganisha na pound. Lakini si lake.

SWALI: "A five-pound note" au "a five-pounds note"? Na methali zenye pound nizifasiri vipi?

JIBU: Five-pound note. Jina la kipimo likikaa mbele ya jina jingine kama kivumishi halichukui s. Usimcheke pia Mwingereza anayesema "it cost ten pound": pund ya kale ilikuwa na umoja na wingi sawa, na usemi wa mitaani umeuhifadhi, japo kwenye mtihani utaandika ten pounds.

Kwa methali, achana na pauni. "In for a penny, in for a pound" ni maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. "Penny wise and pound foolish" hatuna methali iliyoshika sawasawa. Kubana senti huku shilingi zikikuponyoka inatosha. "Pound of flesh" ni ratili ya nyama ya mwilini anayoidai mkopeshaji Shylock katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Nyerere aliifasiri kwa jina Mabepari wa Venisi. Katika habari za madeni maana yake ni mdai anayetaka haki yake yote bila huruma, hata ikimwangamiza mdaiwa. Nyama unaweza kuiacha ndani ya tafsiri kama wasomaji wako wanaijua tamthilia hiyo, na hapo andika ratili.